Swali la Sita la Maman Émérance

Niseme mapema kwamba mimi ni mbishi. Mke wangu Tasnim hudai kuwa nilizaliwa nikiwa nimeinua kidole kuomba nafasi ya kusema. Nina kiduka cha kutengeneza simu karibu na barabara ya Chaussée d'Ixelles, hapa Brussels, na wapo wateja wanaoniletea simu nzima kabisa, wakijifanya haishiki chaji, ili tu wanichokoze nianze kubishana. Kwa hiyo nilipoingia klabu ya raga nikiwa na miaka ishirini na minane, baadhi ya wenzangu walipenda mbio, wengine walipenda kuangushana. Mimi nilipenda sheria.

Raga yetu ni ile ya wachezaji kumi na watatu. Kwa asiyeijua, jambo la kwanza la kujua ni hili: timu yenye mpira ikiangushwa mara sita, inauacha, na wenzao wanauchukua. Mara sita, basi. Uwe hodari, uwe goigoi, mara zako ni sita. Klabu yetu inaitwa Volkano, kwa heshima ya milima ya Goma, ingawa nusu yetu ni Warundi kama mimi na hatuna volkano yoyote. Junior, kocha wetu, aliujua mchezo huu alipokuwa akisoma Perpignan, Ufaransa, akauleta Brussels kama mtu anayeleta mbegu. Tunacheza Jumamosi mchana katika ligi ndogo ya timu sita, kwenye uwanja ambao kona yake moja ina matope hata mwezi wa saba.

Ninayetaka kumsimulia ni Maman Émérance, lakini siwezi kumfikia bila kupitia kwa mume wake. Papa Bertin alikuwa karani wa mahakama Bukavu. Hapa Brussels alisafisha ofisi katika ile minara ya karibu na stesheni ya Gare du Nord, na ndani ya treni ya kwenda kazini alisoma kijitabu cha sheria za raga mpaka jalada likamng'okea mikononi. Hakuwahi kucheza hata dakika moja. Alisema amechoka na nchi ambazo sheria zake zinamjua mtu kwa jina la baba yake, na sasa amepata sheria ya mara sita isiyouliza baba yako ni nani.

Tulibishana yeye na mimi miaka mitano. Mechi ikienda sare na muda ukaongezwa, timu ya kwanza kupata pointi ndiyo inashinda papo hapo, hata kama wenzao hawajaugusa mpira. Je, ni haki? Bertin akasema si haki. Mimi nikasema ni haki, wangezuia. Jumamosi iliyofuata alikuja amekubaliana na mimi, nikaudhika, nikahamia upande wake ili ubishi usife.

Mtu huyo ndiye aliyekaa nami siku tatu, nilipofika nchi hii bila karatasi, akiandika maisha yangu kwa Kifaransa kwa ajili ya maombi yangu ya ukimbizi. Kila nilipotaka kuongeza chumvi aliweka kalamu chini. "Kassimu," aliniambia, "ya kweli inatosha." Karatasi nilizo nazo leo mfukoni zimetoka kwenye kalamu ile.

Alikufa kwa moyo, ghafla, miaka mitatu iliyopita. Mimi Mwislamu wa Buyenzi, Bujumbura, niliingia kanisani mtaa wa Etterbeek nikalibeba jeneza lake, mbele, kwa bega la kushoto. Bega langu linaukumbuka uzito ule hadi leo, na nawaomba mkumbuke kwamba nimesema hivyo.

Matanga yalipoisha, Jumamosi ya kwanza, tulikuwa tunavaa jezi chafu za juma lililopita, kwa sababu Bertin ndiye aliyekuwa akizipeleka nyumbani kufuliwa na hakuna aliyefikiria jambo hilo. Mlango ukafunguliwa. Akaingia Maman Émérance na mfuko mkubwa wa buluu, jezi kumi na saba ndani yake, zimefuliwa, zimekunjwa, zinanukia sabuni. Kumbe zile chafu tulizovaa zilikuwa za mazoezi, na hizi za mechi zilikuwa kwake muda wote wa kilio. Alizigawa, akatoka, akaenda kukaa kwenye benchi, mahali pa Bertin, mkoba magotini. Hakuna aliyemwomba na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Tangu siku hiyo benchi ni lake.

Anakaribia miaka sitini. Kazi yake ni kuhudumia wazee katika maison de repos, nyumba ya kutunzia wazee, hapo Etterbeek, ambako huwaosha, huwavisha, na kuwalisha wasiojua tena kushika kijiko. Ni mfupi, mpana, na sauti yake haipandi kamwe, ndiyo maana inatisha. Kuhusu raga hajui lolote na hataki kujua. Anajua nani kaoa, nani kakosana na mkwewe, nani hakula asubuhi.

Sheria yake ilikuwa moja. Huji kwenye benchi ukajitupa chini kama gunia. Uwe umetoka damu, uwe umetukanwa na refa, kwanza unamsalimia, na salamu yenyewe ni ile ya kwetu, siyo ya kupungia mkono. Unauliza habari yake, ya kazi, ya watu wa kwake, naye anakuuliza zako, mpaka ziishe. Wapinzani walikuwa wakitucheka. Wanaliona jitu la kilo mia moja na kumi, limejaa matope, linahema, limeinama mbele ya mama mfupi likisema, "Na dada yenu wa Bukavu, mugongo yake inaendelea je?"

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa nusu fainali ya kwanza katika historia ya Volkano. Hatukuwa na mtu wa akiba hata mmoja: wawili walikuwa kazini, mmoja kavunjika kidole, na wa nne alikuwa kwenye harusi ambayo hatujamsamehe mpaka leo. Zikiwa zimebaki dakika ishirini na tano tulikuwa mbele, ishirini kwa kumi na sita. Mimi ndiye niliyekuwa nahodha. Nikainama kumwangusha mtu, na kichwa changu kikakutana na goti. Halikuwa goti la adui, lilikuwa goti la Hamza, mwenzetu, kijana wa Bujumbura mwenye magoti magumu kama ya meza.

Ligi yetu ina sheria kuhusu kichwa. Aliyegongwa anatoka, anakaa pembeni dakika kumi, kisha mhudumu wa afya wa timu anamuuliza maswali matano. Tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani kapata pointi za mwisho? Juma lililopita tulicheza na nani? Tulishinda? Ukijibu yote, una haki ya kurudi. Ukikosa moja, siku yako imeisha.

Sheria hiyo nilikuwa nimeipinga tangu ilipoletwa. Niliona ni dhuluma kwamba mtu mzima, baba wa watoto, aulizwe mambo ya chekechea huku timu yake ikipungua. Na kwa kuwa kuipinga hakukusaidia, nikafanya ujanja. Niliyaandika yale maswali kwenye karatasi, nikaibandika ukutani katika chumba cha kubadilishia nguo, na kila Jumamosi kabla ya mechi niliwakaririsha wenzangu majibu, mpaka wakawa wanayatoa kama watoto wa madrasa. Nilijisifu kwa hilo. Nilisema huo ndio utetezi wa haki.

Basi nilitoka. Nakumbuka majani, nakumbuka mwanga mweupe, nakumbuka benchi. Nakumbuka Maman Émérance akipiga magoti mbele yangu, akinifungua kamba za njumu, akisema mguu wangu umevimba. Dakika kumi zikapita. Akaja Nathalie, muuguzi wetu, akaniuliza maswali matano, nikampa majibu matano bila kupepesa macho. Nathalie akainua mkono kumwonyesha refa kwamba niko sawa. Nikasimama. Chini nikaona soksi zangu.

"Maman, njumu zangu ziko wapi?"

"Biko mu saki."

Mfuko wa buluu ulikuwa umefungwa zipu, naye ameukalia.

"Nipe basi, refa ananingoja."

"Hapana, mwanangu."

Nilifikiri anatania. Nikamsihi. Nikamwambia nimeshinda mtihani, nina haki, sheria iko upande wangu. Akasema, "Ndiyo, nilisikia." Lakini hakuinuka. Junior akaja mbio, akamsihi, akamwita mama mara saba. Hakuinuka. Mngefanya nini ninyi? Mtu wa kwetu hamsukumi mama aliyekaa. Mguu wangu ni wa namba 46 na uwanja mzima haukuwa na njumu nyingine ya kunitosha, na refa haruhusu mtu kucheza na soksi. Nilisimama pembeni ya mstari, nahodha asiye na viatu, nikatazama wenzangu kumi na wawili wakipigana dakika kumi na tano zilizobaki. Walishikilia kumi na tatu. Katika mbili za mwisho wakafungwa, na mechi ikaisha ishirini na mbili kwa ishirini.

Sikumuaga. Nilichukua njumu zangu zilipoachiliwa, nikaondoka, na juma zima nilimsimulia kila aliyeleta simu. Nilikuwa na hasira ya mtu anayejua kabisa kwamba ana haki, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Nikampigia Junior simu kutaka kikao. Nilitaka mambo mawili: klabu itamke kwamba Maman Émérance amevunja sheria, na benchi apewe mtu mwingine anayeijua sheria. Junior akasema, "Kassimu, uko sure? Ile benchi njo nyumba yake." Nikamjibu kwamba sheria ni sheria.

Kikao kilikuwa Jumamosi iliyofuata, katika ukumbi mdogo wa parokia. Tulikuwa watu kama ishirini. Maman Émérance alikuja na sahani ya beignets, maandazi yake ya mviringo, zimefunikwa kitambaa, kama ajavyo kila kikao. Alileta beignets kwenye kesi yake mwenyewe! Aliziweka mezani, akaenda kukaa nyuma karibu na mlango, na hakuna aliyezigusa mpaka Hamza alipoinuka akachukua mbili, akarudi mahali pake akitafuna kwa makusudi.

Nilisema kwa dakika ishirini. Mkononi nilikuwa na kijitabu cha sheria, kilekile cha Papa Bertin, ambacho mjane wake mwenyewe alinipa baada ya matanga kwa sababu, alisema, hakuna mwingine atakayekipigia kelele ipasavyo. Nilisoma sheria ya kichwa kwa sauti. Pembeni yake Bertin alikuwa ameandika kwa penseli, "Kwa nini tano?" Hilo sikulisoma. Nikasema kwamba sheria ikiwa mbaya tunaibadilisha kwa kikao, hatuikalii. Kwamba mtu akipita mtihani uliowekwa, halafu mtu mwingine akamnyima haki yake kwa kuwa moyo umemwambia, basi hatuna mchezo tena. Nilisema vizuri sana. Naona aibu nikikumbuka jinsi nilivyosema vizuri.

Hamza akainua mkono. "Mimi nina swali moja tu. Yale maswali si unatukaririshaka wewe mwenyewe? Hata nikiwa nimekufa naweza kuyajibu. Alors mtihani gani huo?"

Watu wakacheka. Nikasema hilo ni jambo jingine. Nathalie akasema kwa sauti ndogo kwamba si jambo jingine, kwamba hata yeye anaiona ile karatasi ukutani kila Jumamosi na amekuwa akikaa kimya. Ukumbi ukaanza kuvurugika. Mimi, badala ya kuona kwamba ardhi inateleza, nikamgeukia Maman Émérance.

"Maman, kwa heshima yote. Tuambie jibu gani nililikosa. Moja tu."

"Sina ya kusema, mwanangu. Mutafute mutu mwingine wa benchi, njo hivyo. Majezi nitafua, hata kama niko ku nyumba."

Alikuwa tayari ameushika mkoba wake. Nilipaswa kuishia hapo. Lakini mimi ni mbishi, nimeshawaambia.

"Hapana, maman. Useme mbele ya watu wote. Nakumbuka kila kitu cha siku ile, kila neno. Nilikosa nini?"

Akanitazama. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Sikutaka kusema hii mbele ya batu," akasema. "Bon. Ulifika ku benchi, ukanisalimia muzuri. Ukaniuliza habari ya kazi. Ukaniuliza dada yangu wa Bukavu. Kisha ukasema: na Papa Bertin, anaendelea je? Mbona leo hakuje kutuangalia?"

Hamza akaacha kutafuna.

Nilitaka kusema si kweli. Nikayatafuta maneno yale kichwani, mahali yalipopaswa kuwa, kati ya mwanga mweupe na kamba za njumu. Hapakuwa na kitu. Palikuwa safi kabisa, kama ukuta uliopakwa chokaa.

"C'est vrai," akasema Nathalie. "Nilisikia. Nilikuwa nakushika mukono, tunafika ku benchi. Mimi nilifikiri Bertin ni ndugu yake. Nimefika mu klabu mwaka jana, donc sikumujua."

Kijitabu kilikuwa bado mkononi mwangu, na juu ya ukurasa wake wa kwanza jina la Bertin kwa wino, kwa mwandiko ule ulioandika maisha yangu. Nilikaa chini. Bega la kushoto likaniuma kwa namna nisiyoweza kuieleza.

"Na wewe ulinijibu nini, maman?" nikauliza.

"Nilikuambia: eko muzuri, mwanangu, ikala." Akashusha mkoba. "Njo vile nasemaka ku kazi. Kuko maman mumoja pale, kila asubuhi ananiuliza bwana yake eko wapi. Bwana yake alikufaka zamani, avant ata mi sijafika Ubelgiji. Ukimwambia alikufa, analia kama amesikia leo. Kesho anauliza tena, analia tena. Donc namwambia eko muzuri. Na kisha namutoa viatu, pole pole, nabificha. Juu akibaki na viatu, atatoka inje kumutafuta ku barabara, na mutokari itamugonga."

Junior alikuwa ameangalia dirishani. Maman Émérance akaongeza, kama anayeomba radhi, "Njo maana nilikutoa viatu, Kassimu. Sikujua kitu ingine ya kufanya."

Kikao hakikufungwa rasmi. Watu waliinuka mmoja mmoja wakaenda kumsalimia, salamu ile ndefu, kila mmoja kwa zamu, na beignets zikaisha. Mimi sikuenda. Tasnim, ambaye hajawahi kuipenda raga lakini alikuja nami siku hiyo, alinishika mkono tukatoka.

Jumatatu nilikwenda kwa daktari, jambo ambalo nilikuwa nimelikataa juma zima kwa sababu, si nilikuwa nimeshinda mtihani? Alinipima, akanituma kwenye mashine, akaniambia nipumzike miezi mitatu bila kucheza. Nikamuuliza ingekuwaje kama ningerudi uwanjani nikagongwa tena siku ileile. Akavua miwani. Akasema wengi hupona, na wengine hawapati nafasi ya kuuliza swali hilo, na kwamba nimshukuru aliyenitoa. Nina watoto wawili. Nilikaa kwenye kituo cha tramu nikaacha tramu tatu zipite.

Kwetu mtu haendi peke yake kuomba msamaha, maana peke yake anaweza kujisamehe njiani. Nilikwenda na Tasnim, na kitenge, na kilo mbili za sukari, mpaka ghorofa ya nne kwa Maman Émérance, Etterbeek, ambapo lifti imeharibika tangu niijue. Nilikuwa nimetayarisha hotuba yenye sehemu tatu. Alipofungua mlango sikuweza kusema hata ya kwanza. Nilisema tu, "Maman, unisamehe," nikalia, mbele ya mke wangu na mbele ya jirani aliyekuwa akishuka na mbwa.

Alitukalisha. Akatuletea chai. Jezi zilikuwa zimeanikwa kila mahali, juu ya viti, juu ya mlango, namba kumi na tatu yangu ikiwa juu ya kipasha joto cha dirishani. Picha ya Bertin ilikuwa ukutani, amevaa koti la mahakama.

Nikamwambia ninamshukuru. Nilisema wazi, bila mapambo, kwamba mumewe alinipa karatasi za kuishi nchi hii na yeye amenipa kichwa cha kuishi nacho, na kwamba mimi kwa malipo nilitaka kumwondoa kwenye benchi. Nikamwambia sijui nitamlipaje.

Alikuwa akigeuza kikombe chake taratibu. "Nami nikuambie kitu," akasema. "Ile sikwambia mu kikao."

Tukangoja.

"Ku kazi, nikisema 'eko muzuri', ni kazi. Nasema tu, naendelea kuosha. Lakini ile siku ku benchi, weye uliniuliza, na mi nikajibu, na..." Akajifuta jicho kwa ncha ya kitenge, akaanza kucheka. "Nilisikia tamu, Kassimu. Ni sekonde moja tu. Batu bote baliacha kuniuliza habari yake. Najua, banaogopa nitalia. Mu klabu, mu kanisa, hata dada yangu ku telefone. Miaka tatu, hakuna mutu ameniuliza habari ya Bertin. Weye njo wa kwanza, na ulikuwa umegongwa kichwa!"

Tasnim alicheka naye, huku machozi yakimtoka. Mimi niliitazama ile picha. Nilikuwa nikikaa karibu na mama huyu kila Jumamosi. Nimemuuliza mgongo wa dada yake mara mia. Kwa heshima, kwa upole, kwa adabu zote tulizofundishwa, tulikuwa tumemzika Bertin mara ya pili.

Karatasi ya chumba cha nguo niliichana mwenyewe. Siku hizi klabu yetu ina kanuni yake: mchezaji wa Volkano aliyegongwa kichwa, akishajibu maswali yote matano, anakwenda kumsalimia Maman Émérance, na yeye akisema hapana ni hapana, hata iwe fainali. Nilikwenda kuipendekeza kanuni hiyo kwa ligi nzima. Walibishana saa mbili. Bwana mmoja wa klabu nyingine akauliza kila timu itampata wapi Maman Émérance wake. Nikamjibu kwamba hilo swali ni zuri na afadhali aanze kutafuta. Wameahidi kulizungumza tena msimu ujao, nami nimeshainua kidole.

Miezi yangu mitatu imekwisha, lakini sijarudi kucheza. Nakaa kwenye benchi, upande wake wa kulia, na kijitabu, nikibishana na marefa kwa kiasi. Jumamosi mchana napanda naye tramu na ule mfuko wa buluu. Mfuko naubeba mimi, kwa bega la kushoto.

Na kila nifikapo namsalimia. Nauliza habari yake, ya kazi, ya yule maman wa kila asubuhi, ya dada yake wa Bukavu. Kisha nauliza, kichwa changu kikiwa kizima, "Na Papa Bertin, anaendelea je?"

Ananitazama kwanza machoni, jicho moja halafu jingine, kuhakikisha. Halafu anasogeza mkoba wake kunipisha.

"Eko muzuri, mwanangu. Ikala, nikuambie."

Nakaa, ananiambia.